Ibada ya nyumbani na jumuiya ya mtaa isiyokufa wiki ya tatu: mwongozo kamili

Kila mwaka ukianza hunijia watu tofauti wenye kilio kimoja. "Mama, tulianza ibada ya nyumbani tarehe 1 Januari, tukaimba na kuomba kwa moyo wote. Leo ni tarehe 22, Biblia iko juu ya kabati, haijashushwa tangu juzi ya juzi." Wengine huja kwa niaba ya jumuiya nzima: walianza nyumba kumi, sasa wamebaki wawili na mwenyekiti.

Nimekuwa katibu wa jumuiya hapa Tanga, upande wa Makorora, kwa muda wa kutosha kuona jumuiya zikizaliwa na zikizikwa. Sijaona hata moja iliyokufa kwa kukosa imani. Zinakufa kwa sababu ibada ni ndefu, saa yake haieleweki, na mzigo wote umebebwa na mtu mmoja. Siku mtu huyo akienda msibani Muheza, ibada hakuna.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio, nyumba kwanza na jumuiya baadaye. Waliopita njia ya mkato na kuanza na jumuiya ndio wengi wa hao wanaonijia.

## Vitu vya kuandaa

- Biblia moja ya Kiswahili yenye maandishi yanayosomeka usiku. Kama nyumbani kuna tafsiri mbili, chagueni moja ya kusomea kwa sauti ili watoto wasichanganyikiwe.
- Kitabu cha nyimbo cha kanisa lenu. Kama hamna, pambio tano au sita ambazo kila mtu anazijua kwa moyo zinatosha.
- Daftari moja la kawaida, na kalamu iliyofungwa hapo hapo kwa uzi. Kalamu isiyofungwa hupotea siku ya pili.
- Mkeka au jamvi, na viti viwili vitatu kwa wazee wenye magoti mabaya.
- Taa ya kuchaji. Umeme ukikatika ibada isikatike.
- Ruhusa ya mwenzi wako na ya kiongozi wa kanisa lenu. Kama mmepanga, ongeza ya mwenye nyumba.

Spika haihitajiki. Kinanda pia hakihitajiki. Ukiona unatafuta kwanza vyombo, umeanza mahali pasipofaa.

## Hatua ya 1: Tafuta saa

Wengi huchagua saa 3 usiku kwa kuwa ndiyo saa ambayo kila mtu yupo. Yupo, ndiyo, lakini mtoto anasinzia, baba ametoka bandarini mgongo unamuuma, na mama anayekaanga vitumbua ataamka saa 10 alfajiri. Wiki ya kwanza watavumilia. Wiki ya tatu hawataweza.

Kwa siku tatu, usianze ibada yoyote. Andika tu kwenye daftari nani yuko nyumbani saa ngapi. Kisha tafuta jambo ambalo familia hulifanya kila siku bila kukumbushwa, uifunge ibada hapo. Kwa nyumba nyingi jambo hilo ni chakula cha usiku. Fanyeni ibada chakula kikiwa tayari lakini hakijapakuliwa. Watu wameshakusanyika, na hakuna atakayeongea mno akijua wali unapoa.

Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni, kutegemea mwezi, na adhana ya Magharibi hufuata papo hapo. Acha nusu saa ipite ndipo muimbe. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na jirani anayeswali ukuta wa pili anastahili utulivu ule ule unaoutaka wewe ukiomba.

Kama unaishi nyumba ya Kiswahili ya kupanga, vyumba sita na korido katikati, usifanyie ibada koridoni hata kama ndiko kwenye nafasi. Korido ni ya wote, na sauti yake huingia kila chumba. Kaeni chumbani mlango ukiwa umerudishwa, au uani kama wapangaji wenzenu wameridhia.

Wenye kazi za zamu, mfano walio kiwanda cha saruji Pongwe, wachague saa mbili: moja ya wiki ya mchana, nyingine ya wiki ya usiku, na zote ziandikwe. Nyumba za wavuvi wa dagaa zina kalenda yake, kwa sababu baba hulala baharini siku za giza na kupumzika siku za mbalamwezi. Huko mama aendeshe ibada siku za giza, baba aiongoze siku za mbalamwezi. Nimeona nyumba ya namna hiyo Sahare ikienda vizuri kuliko ya mtumishi wa ofisi.

Utajua hatua hii imefaulu pale mtoto atakapouliza "mbona leo hatujaomba?" kabla hujamwita.

## Hatua ya 2: Siku 15 za mwanzo, dakika 12 tu

Usianze na Mwanzo 1 ukikusudia kufika Ufunuo. Watu hukwama kwenye Walawi na hawarudi. Anza na Zaburi 120 hadi 134. Ni zaburi 15, kila moja ina kichwa cha wimbo wa kupanda mlima, na karibu zote ni fupi. Ya 131, ya 133 na ya 134 zina mistari 3 tu kila moja. Ndefu kuliko zote ni ya 132, yenye mistari 18. Ndani yake kuna safari, hofu ya usiku, kazi ya mikono, watoto mezani, ndugu wanaokaa pamoja. Ni mambo ya nyumba.

Kila siku fanyeni hivi:

1. Wimbo mmoja, beti mbili.
2. Zaburi ya siku isomwe mara mbili, na wasomaji wawili tofauti. Mara ya kwanza watu husikia sauti ya msomaji. Mara ya pili ndipo husikia maneno.
3. Kimya kwa dakika moja. Itaonekana ndefu siku za kwanza. Vumilieni.
4. Kila mmoja ataje neno au sentensi iliyomgusa, bila kueleza. Asiye na neno aseme "napita", na asiulizwe.
5. Maombi matatu mafupi ya watu watatu: shukrani, haja ya nyumba, na mtu mmoja wa nje ya nyumba.
6. Baba Yetu, kwa pamoja.

Onyo la kwanza: pasiwe na mahubiri. Baba anayehubiri dakika 20 kila usiku anadhani analisha familia, kumbe watoto wanahesabu tofali za ukutani. Anayetaka kufundisha ajipe Jumapili mchana.

Onyo la pili, na hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa nililifanya kwa wanangu mwenyewe: usiigeuze ibada kuwa baraza la kesi. Mtoto aliyevunja sahani asisikie habari za sahani ndani ya maombi. Nilikuwa nikiomba "Bwana, wasaidie watoto wasio wasikivu," na mwanangu wa pili akajua anatajwa yeye. Alianza kuchelewa kurudi hadi ibada iishe. Ilinichukua miezi kumrudisha mkekani, na nilianza kwa kumwomba radhi.

Zaburi hizo zikiisha, nendeni Injili ya Marko. Ina sura 16. Mkisoma nusu sura kila siku mtaimaliza kwa mwezi mmoja na siku chache. Sura ya 14 ina mistari 72, hiyo igaweni mara nne.

Kama mwenzi wako si Mkristo, jambo la kawaida sana Tanga, zungumza naye kabla ya siku ya kwanza, mkiwa wawili, si mbele ya watoto. Mweleze ni dakika ngapi, wapi, na nani atakaa. Asiposhiriki usimwombee kwa sauti aongoke huku yuko chumba cha pili. Mwombee mkiwa wewe na Mungu wako.

## Hatua ya 3: Zamu ya kuongoza

Siku ya 16 mwenye nyumba aache kuongoza. Andika majina yote kwenye daftari, hata la mtoto wa miaka saba, na kila mmoja apewe siku yake. Kuongoza maana yake ni kuchagua wimbo, kugawa wasomaji na kufunga. Asiyejua kusoma achague wimbo na kufunga kwa maombi. Dada wa kazi naye awemo, akitaka.

Mtoto atakosea, atachagua pambio lile lile wiki nne mfululizo. Mwache aimbe.

Utajua imefaulu siku utakayochelewa kurudi na kukuta wameshamaliza bila wewe.

## Hatua ya 4: Nyumba tatu, si kumi

Mwezi mmoja ukipita nyumba ikiwa imesimama, sasa tafuta jirani. Anza na nyumba mbili za Kikristo zilizo umbali wa kutembea kwa miguu, na yako ya tatu. Nasisitiza miguu. Jumuiya inayohitaji nauli ya bodaboda hufa mvua za masika zikianza Machi, kwa sababu Mikanjuni kwenda Duga kwenye maji si safari ya kumwomba bibi wa miaka 70.

Nenda mwenyewe ukabishe hodi. Ujumbe wa simu unajibiwa "Amina, tutajitahidi", na jibu hilo maana yake sisi wote tunaijua. Sema siku, saa na muda wa kumaliza: "Jumapili saa 10 na nusu jioni, saa 11 na nusu tumemaliza." Wengi wanaogopa kuja kwa sababu hawajui watatoka saa ngapi. Saa hiyo pia huwaacha akina mama warudi kupika, na Magharibi inakuwa bado.

Mwezi wa Ramadhani saa hiyo hiyo inafaa, mradi mfunge kwa wakati ili watu wasipishane njiani na majirani wanaowahi kufuturu. Sahani ya futari ikija, ipokeeni kwa mikono miwili. Krismasi irudi ikiwa na kitu.

## Hatua ya 5: Waambie wenye kanisa

Kabla ya kikao cha kwanza mwone mchungaji, padri, katekista au mzee wa kanisa wa eneo lenu. Huenda jumuiya ipo tayari kwenye orodha ila imelala, na kazi yenu ni kuiamsha badala ya kuanzisha ya pili pembeni yake. Mweleze pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkusanyiko wa kila wiki unaojulikana hauzui maswali.

Matendo ya Mitume 2:46 inataja mahali pawili, hekaluni na nyumba kwa nyumba. Jumuiya haichukui nafasi ya ibada ya Jumapili, na Meza ya Bwana inabaki katika utaratibu wa kanisa lenu. Nimeona kundi lililoacha kanisa kwa kuwa "nyumbani tunamhisi Mungu zaidi". Halikumaliza mwaka, na majeraha yake bado yapo.

## Hatua ya 6: Saa moja ya jumuiya

Hapa ndipo penye kazi.

Dakika 10: salamu na nyimbo. Anzeni saa iliyotajwa hata kama mko watatu. Mkimsubiri aliyechelewa, mnamwadhibu aliyewahi, na wiki ijayo naye atachelewa.

Dakika 20: Neno. Someni kifungu kimoja kifupi, mistari 10 hadi 15. Kanisa lenu likiwa na masomo ya Jumapili, tumieni Injili ya siku hiyo. Kisha maswali matatu tu: Neno gani limekugusa? Linaniambia nini kuhusu Mungu? Wiki hii nifanye nini? La tatu lijibiwe kwa tendo linaloonekana. "Niwe na upendo" halitoshi. "Nitampelekea mama Fulani maji, mguu wake haujapona" ndilo jibu. Katibu aliandike.

Anayeongoza awe na kazi moja ngumu, yaani kumzuia kwa upole mtu anayejibu kila swali. Mwambie, "Ahsante mzee wangu, sasa tumsikie dada aliye kule mwisho." Katika kila kundi kuna mtu ambaye hajasema neno kwa miezi mitatu. Siku atakaposema mtaona thamani ya kuyanyamazisha madomo yetu.

Dakika 15: kuombeana. Nitaieleza hatua ya saba.

Dakika 10: habari za watu. Nani anaumwa, nani amejifungua, nani amefiwa, nani hajaonekana. Yale matendo ya wiki iliyopita yasomwe: yamefanyika? Bila lawama, ndiyo au bado.

Dakika 5: kutaja nyumba ijayo, sadaka, kufunga.

Hiyo inafika saa moja. Wiki mtakapozidisha kwa robo saa, wiki inayofuata punguzeni wimbo. Jumuiya yangu ya kwanza ilikuwa ikimaliza saa 3 na nusu usiku, tukaliita jambo hilo uamsho. Akina mama wa vitumbua waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, nasi tukasema wamepoa kiroho. Walikuwa wamechoka tu, na hakuna aliyewauliza.

## Hatua ya 7: Maombi yasigeuke umbea

Mtu akisema "niombeeni, mume wangu hajarudi siku nne," amefungua kifua chake. Kesho yake habari hiyo ikisikika sokoni Mgandini, hatarudi kwenu, na pengine hatarudi kanisani kabisa.

Wekeni kanuni siku ya kwanza, isomwe kwa sauti kila mwezi: yaliyosemwa hapa yanabaki hapa, hata kwa mwenzi ambaye hakuwepo. Kwenye daftari andika jina na "haja ya nyumbani", basi. Usiandike ugonjwa, deni wala ugomvi, kwa sababu daftari huzunguka nyumba kwa nyumba.

Anayeombewa asihojiwe. Swali moja linatosha: "Tukuombee nini?" Akitaja ugonjwa, ombeni, kisha mmoja wenu aende naye hospitali kesho yake. Msimwambie mtu aache dawa. Akipigwa au akitishiwa maisha, maombi peke yake hayatoshi: apate mahali salama pa kulala usiku huo, na mtu wa kumsindikiza kwenye dawati la jinsia polisi.

## Hatua ya 8: Chai

Inaonekana ndogo. Imeua jumuiya nyingi kuliko mafundisho potofu.

Nyumba ya kwanza ilitoa chai ya rangi. Ya pili ikatoa chai ya maziwa na mahamri. Ya tatu sambusa, ya nne pilau. Zamu ilipofika kwa mjane mmoja wa kwetu, alituma mtoto aseme amesafiri. Hakuwa amesafiri. Alikuwa ndani, amefunga dirisha, tukapita mlangoni kwake tukiimba.

Tangu siku ile sheria yetu ni maji ya kunywa, na chai ya rangi kwa anayeweza. Hata mwenye gari hatoi zaidi. Mwenye hamu ya kulisha watu asubiri Pasaka, tule wote chungu kimoja, kila mtu akileta alicho nacho.

## Hatua ya 9: Mfuko na misiba

Sadaka ya kanisa ifike kanisani. Mfuko wa jumuiya ni kitu kingine, na usichanganywe nayo hata kwa siku moja. Wekeni kiasi ambacho maskini kuliko wote anakiweza. Sisi tulianza na shilingi 500 kwa wiki kwa nyumba. Asiye nayo hasomwi jina.

Mhazini ashike fedha, katibu ashike daftari, wawe nyumba mbili tofauti. Kila mwisho wa mwezi hesabu isomwe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Fedha zisikopeshwe. Mkitaka kukopeshana anzisheni kikundi chake chenye taratibu zake, maana deni likilala katikati ya watu wawili, mmoja ataacha kuja kusali.

Andikeni mapema kitakachofanyika msiba ukitokea: rambirambi kiasi gani, nani atachota maji, nani atalala na wafiwa usiku wa kwanza, ibada ya jioni itaongozwa na nani. Matanga yakifika watu hawana akili ya kupanga. Na msiondoke siku ya kuzika. Rudini siku ya kumi, turubai likiwa limeshatolewa na nyumba imekuwa kimya, mkae, msome zaburi moja fupi.

## Hatua ya 10: Aliyekosa

Akikosa mara moja, mwache. Akikosa mara mbili, watu wawili waende kabla ya siku tatu kupita. Mkifika msiulize "mbona hukuja". Salimieni, ulizeni afya, kaeni kidogo, muombe pamoja naye akiridhia, ondokeni. Mkiweza nendeni na kitu mkononi, hata ndizi.

Tafadhali usimtumie Waebrania 10:25 kwenye simu. Andiko hilo linahimiza tusiache kukusanyika, na mstari wa 24 ulio kabla yake unasema tuangaliane na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri. Anayepewa wa 25 bila wa 24 amepewa fimbo.

## Ikikatika

Itakatika. Mtoto ataumwa, mtahama, mitihani itafika. Msijaribu kulipa siku zilizopotea, na msitangaze mwanzo mpya kwa mkesha. Fungueni zaburi ya leo, zile dakika 12, endeleeni. Ikikatika mara tatu mfululizo kwa sababu ile ile, basi saa ni mbovu, rudini hatua ya kwanza.

## Hatua ya 11: Kugawa

Mkifika nyumba kumi na mbili, watu watakaa hadi barazani, na walio barazani hawataombewa kwa majina. Hapo gaweni, ingawa mtasikia vibaya. Gaweni kwa mtaa, si kwa urafiki wala kwa kabila. Kila upande uwe na mtu mmoja aliyewahi kuongoza na mzee mmoja anayejua kufariji.

Kikao cha mwisho cha pamoja, katibu wa zamani anunue daftari la pili, anakili majina ya nyumba zinazoondoka, afunge kalamu kwa uzi, amkabidhi katibu mpya mbele ya wote. Jumapili inayofuata, saa 10 na nusu jioni, nyumba mbili zinaanza kwa wakati mmoja.